Kahawa na moyo unaoruka mapigo: jinsi ya kujua kafeini inakufanyia nini wewe

Siku naambiwa mapigo yangu hayana mpangilio nilipewa maneno mawili tu kuhusu kahawa, "acha kahawa", basi, hakuna maelezo, nikatoka pale na karatasi ya dawa mkononi na hayo maneno kichwani. Nikaacha siku hiyo hiyo. Kesho yake kichwa kiliuma kama kimefungwa kamba, nikawa nagombana na kila mtu, usiku sikulala, na moyo ukaruka kuliko siku zote nikajua leo ndo naondoka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kuacha kafeini ghafla kuna maumivu yake, na kwamba usiku bila usingizi unaweza kuuchokoza moyo kuliko hicho kikombe chenyewe.

Miaka kadhaa imepita, huo moyo bado ninao, dawa nameza, na kahawa nakunywa. Kikombe kimoja asubuhi, siku nyingine viwili. Sikufika hapo kwa kubahatisha wala kwa ubishi, nimefika kwa daftari, na hilo ndo nataka nikuelekeze hapa, namna ya kupima mwenyewe kafeini inaufanyia nini moyo wako wewe, maana moyo wa jirani hauwezi kukujibia.

Nani asijipime mwenyewe

Nianze na hili kabla hujachukua kalamu. Kama umewahi kuzimia huku moyo ukienda mbio, kama kwenye ukoo kuna mtu alifariki ghafla akiwa kijana na haikujulikana kwa nini, kama umeambiwa una QT ndefu, yaani moyo unachelewa kujichaji upya baada ya kila pigo, au ile CPVT ambayo moyo unavurugika ukikimbia au ukishtuka, kama misuli ya moyo imetanuka au imekuwa minene, kama umetoka kupata shambulio la moyo juzi juzi tu, basi kafeini ni mazungumzo yako na daktari wa moyo, usianze majaribio nyumbani. Mjamzito naye hesabu yake ni tofauti, kikomo anachopewa ni 200 mg kwa siku, na kafeini inamkalia mwilini muda mrefu zaidi, miezi ya mwisho inaweza kuchukua hata saa 15 ndo nusu yake itoke.

Na kama hujapimwa kabisa, unasikia tu moyo unaruka ukajiambia ni kahawa hii, nenda kapime ECG kwanza ndugu yangu, kile kipimo cha umeme wa moyo. Waombe na damu waangalie, damu ikipungua moyo unakimbia, tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi moyo unakimbia, potasiamu na magnesiamu zikishuka mapigo yanavurugika, na hayo yote mtu anaweza kuyabebesha kahawa miaka na miaka.

Halafu uliza jina. "Mapigo yasiyo na mpangilio" ni jina la ukoo, ndani kuna watu wengi. Kuna mapigo ya ziada ambayo karibu kila mtu utakuta anayo ukimfunga mashine ya kurekodi kutwa nzima: pigo linakuja mapema kabla ya zamu yake, moyo unatulia kidogo, na katika ule utulivu chumba cha chini kinajaa damu kuliko kawaida, kwa hiyo pigo linalofuata linapiga kwa nguvu. Ile "dum" inayokufanya ushike kifua ni pigo la kawaida lililobeba mzigo mkubwa, moyo haujasimama. Kulielewa hilo tu kuliniondolea nusu ya woga. Kuna SVT, umeme unazunguka kwenye njia ya mkato na moyo unapanda ghafla mpaka 150 au hata 200 kisha unashuka ghafla kama umezima swichi. Na kuna fibrilesheni ya atria, AF, ambayo ndo yangu, vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga, mapigo yanakuja ovyo ovyo, na damu inaweza kuganda kwenye kona ya chumba cha juu, kipande kikipanda kichwani ni kiharusi. AF inapandisha hatari ya kiharusi kama mara 5. Kwa hiyo kama umepewa dawa ya kuzuia damu kuganda, meza, usije ukasema nimeacha kahawa na mapigo yametulia kwa hiyo dawa ya nini, hapana, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kinachotokea ukinywa

Ukiwa macho mwili unatengeneza kitu kinaitwa adenosini, kinajikusanya kidogo kidogo tangu umeamka, kinakwenda kukaa kwenye vipokezi vyake kichwani kama mtu anayekalia kiti chake, na kikishakaa ndo unasikia uchovu, lala sasa. Kafeini imefanana nayo kiasi kwamba inaenda kukalia viti vile vile, inaziba nafasi, lakini ule ujumbe wa kuchoka haitoi. Ndo maana kahawa haikupi nguvu mpya, inakuzuia tu usisikie uchovu ulionao.

Sasa viti hivyo viko hadi kwenye moyo. Adenosini kwenye moyo inapunguza kasi ya umeme unaopita kati ya vyumba vya juu na vya chini, kafeini ikiziba nafasi hiyo breki inalegea kidogo, na juu yake adrenalini inapanda. Ukisikia hivyo unasema basi lazima kahawa ivuruge moyo, na ushauri wa "acha kahawa" ulitoka huko huko, kwenye hesabu ya namna mwili unavyofanya kazi. Ila mwili wa mtu anayekunywa kila siku unazoea ndani ya siku chache tu, ile presha na adrenalini hazipandi tena kama mara ya kwanza. Na adenosini yenyewe ikizidi kwenye vyumba vya juu inaweza kuamsha AF, kwa hiyo watafiti wanadhani kuizibia nafasi kunaweza hata kusaidia.

Walipokuja kupima kwa watu majibu yakawa sivyo tulivyozoea kusikia. Uingereza kuna mradi mkubwa wa kumbukumbu za afya unaitwa UK Biobank, watafiti walichukua watu 386,258 humo wakawafuatilia kwa wastani wa miaka 4.5, majibu yakatoka 2021: kila kikombe cha ziada cha kahawa kwa siku kiliendana na hatari pungufu kwa 3% ya kupata mapigo yasiyo na mpangilio. Hiyo ni kuangalia tu, haithibitishi kwamba kahawa ndo imefanya hivyo. Kisha 2023 kikatoka kipimo kinaitwa CRAVE, Marekani, watu wazima 100 wenye afya wakavaa mashine ya kurekodi moyo kwa siku 14, wakawa wanatumiwa meseji, leo kunywa, leo usinywe, kwa bahati nasibu. Mapigo ya ziada ya vyumba vya juu hayakutofautiana kwa maana, 58 kwa siku za kahawa na 53 kwa siku bila kahawa. Ya vyumba vya chini yaliongezeka, 154 dhidi ya 102. Siku za kahawa watu walitembea zaidi, hatua kama 1,000 za ziada, na walilala pungufu kwa dakika 36. Shika hiyo ya usingizi, tutairudia.

Halafu mwishoni mwa 2025 ikaja DECAF, hii iliwahusu watu kama mimi, 200 wenye AF na mazoea ya kahawa, Marekani, Kanada na Australia, mioyo yao ikarudishwa kwenye mstari kwa shoti ya umeme, nusu wakaambiwa endeleeni angalau kikombe kimoja kwa siku, nusu wakaambiwa msiguse kafeini kabisa kwa miezi 6. Waliokunywa, AF iliwarudia 47%. Walioacha, 64%. Nilisoma mara tatu nikidhani nimegeuza namba. Na hata kabla yake, mwongozo wa AF wa madaktari wa moyo wa Marekani wa 2023 ulishasema kumkataza mtu kafeini ili kuzuia AF hakuna faida, ila kama yeye mwenyewe anaona inamletea dalili basi apunguze.

Sasa usiinuke ukajaze birika. Hao walikuwa wamezoea kahawa tayari, na kikombe chao kilikuwa cha kawaida. Hizo ni wastani za watu wengi, na wewe si wastani. Ukiangalia CRAVE tena, kama tatizo lako ni mapigo ya ziada ya vyumba vya chini, hiyo 154 dhidi ya 102 inakuhusu wewe kuliko mimi. Ndo maana daftari.

Jua kwanza unakunywa kiasi gani

Hapa wengi wanajidanganya bila kujua, mtu anasema nakunywa kikombe kimoja kumbe kikombe chenyewe kinaingia viwili. Chukua kikombe chako cha kila siku, kijaze maji, mimina kwenye chombo chenye vipimo. Cha kwangu nilidhani ni mililita 240, kikatoka 380.

Ukishajua ujazo, makadirio ni haya. Kahawa ya kuchuja mililita 240 ina kama 95 mg. Ile ya unga wa kuyeyuka kwenye maji moto iko chini kidogo, kama 60. Espreso moja ndogo ya mililita 30 ina kama 63, kwa hiyo kikombe kidogo si lazima kiwe na kafeini kubwa, na kikubwa cha maziwa chenye espreso mbili tayari kimepita 120. Chai ya rangi kikombe kimoja kama 47, chai ya kijani kama 28, kola ya kopo la mililita 355 kama 34. Enaji drinki ya mililita 250 kwa kawaida ni 80, kopo kubwa la nusu lita 160, na zipo zinazopita hapo, soma kopo. Kahawa iliyotolewa kafeini bado inabaki nayo kidogo, 2 mpaka 15. Chokoleti nyeusi ina yake. Na kinachosahaulika kabisa ni vidonge, kuna dawa za maumivu ya kichwa zenye 65 mg kila kidonge, ukimeza viwili umeshakunywa kahawa bila kushika kikombe.

Kwa mtu mzima mwenye afya kikomo kinachotajwa Marekani na Ulaya ni 400 mg kwa siku, na Ulaya wanaongeza isizidi 200 kwa mkupuo mmoja. Mimi kwa moyo kama wetu hiyo 400 naichukulia kama ukuta, mtu hatembei akiwa ameugusa ukuta. Ukiwa unajipima kaa chini ya 200.

Kuna na suala la saa. Kafeini inafika kileleni kwenye damu kama dakika 30 mpaka 60 baada ya kunywa, kisha inachukua wastani wa saa 5 nusu yake kutoka. Piga hesabu: umekunywa 200 mg saa 10 jioni, saa 3 usiku bado una 100, saa 8 usiku una 50 na unashangaa kwa nini umeamka unasikiliza moyo gizani. Kuna utafiti wa 2013 ulioonyesha 400 mg hata ikinywewa saa 6 kabla ya kulala inakata usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Na hiyo saa 5 si ya kila mtu. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuifanya mara mbili. Mvuta sigara inatoka haraka, kwa hiyo ukiacha sigara (na uache kweli, moyo utakushukuru) kahawa ile ile uliyoizoea itakupiga kwa nguvu mpya, punguza vikombe wiki hiyo hiyo. Antibayotiki ya ciprofloxacin na dawa ya msongo inayoitwa fluvoxamine zinazuia ini kuivunja kafeini, hata mexiletine ambayo ni dawa ya mapigo yenyewe inafanya hivyo. Theofilini ya pumu ni ndugu wa damu wa kafeini. Na dawa za mafua zenye pseudoephedrine zinasukuma moyo kivyake. Kwa hiyo ukipewa dawa yoyote mpya muulize mfamasia kabisa, mimi nakunywa kahawa na moyo wangu uko hivi, hii inaenda sawa?

Kushika mapigo

Saa za mkononi zenye ECG zinasaidia lakini vidole havihitaji chaji. Asubuhi kabla hujatoka kitandani, geuza kiganja juu, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo upande wa dole gumba, kwenye kibonde kati ya mfupa na ule mshipa mgumu wa nyama. Usitumie dole gumba, lina mapigo yake litakuchanganya. Bonyeza taratibu, ukikandamiza sana unalipoteza. Watu wanahesabu sekunde 30 wanazidisha mara 2, wewe usifanye hivyo, moyo usio na mpangilio unahesabiwa dakika nzima. Wakati unahesabu sikiliza na mdundo: unaenda sawa na mara moja moja unaruka, au hauna mdundo kabisa, unakuja haraka polepole haraka haraka polepole? Andika vyote viwili, namba na mdundo. Kumbuka kwenye AF kuna mapigo mengine dhaifu hayafiki mkononi, kwa hiyo ukipata namba ndogo usifurahie haraka.

Daftari lenyewe

Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Kunywa kama unavyokunywa, andika tu. Hii ni ngumu kuliko inavyosikika kwa sababu ukishaanza kuandika unataka kujirekebisha, jizuie, unatafuta picha ya maisha yako yalivyo. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi: "Jumanne. Asubuhi 72, unaruka mara 2. Kahawa saa 1, kikombe kikubwa. Kahawa saa 9 mchana. Saa 11 na robo moyo umecheza kama dakika 10, nilikuwa nagombana kwenye simu. Nimelala saa 5 usiku wa jana, nimeamka mara 3. Maji kidogo." Inatosha. Muda wa kafeini na kiasi, muda wa moyo kucheza na ulikuwa unafanya nini, usingizi, pombe, maji, chakula kikubwa, mazoezi, stresi, siku za mwezi kwa akina mama. Andika pale pale, ukingoja jioni utaandika kile unachoamini badala ya kilichotokea.

Baada ya hapo shuka taratibu. Usifanye kama mimi. Maumivu ya kuacha yanaanza saa 12 mpaka 24 baada ya kikombe cha mwisho, yanakuwa makali siku ya kwanza na ya pili, na yanaweza kuvuta mpaka siku 9. Kama unakunywa vikombe vinne, toa kimoja kila siku mbili tatu, anza na kile cha jioni, cha asubuhi kiwe cha mwisho kuondoka. Unaweza kuchanganya nusu kahawa yako na nusu ile iliyotolewa kafeini ukaendelea kupunguza hivyo hivyo, ulimi hautagundua sana. Siku zote za kushuka na kama siku 10 baada ya kufika sifuri usizihesabu kwenye majibu, ni siku za vurugu, chochote moyo utakachofanya humo hakikwambii ukweli.

Kisha kaa wiki mbili bila kafeini ukiandika vile vile. Kisha rudisha, kiasi kimoja kilichopimwa, muda ule ule kila siku, tuseme 95 mg saa 1 asubuhi baada ya kula kitu, wiki mbili nyingine. Ukiweza rudia mzunguko wote mara ya pili, kwa sababu AF ya kuja na kuondoka ina tabia ya kukaa kimya miezi halafu irudi bila sababu, na ukipima mara moja tu unaweza kuisifia au kuilaumu kahawa kwa kitu ambacho kingetokea tu. Muhimu kuliko vyote, usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Ukiacha kahawa na pombe wiki moja na ukaanza mazoezi, moyo ukitulia hutajua umshukuru nani. Na dawa zako zisiguswe hata kidogo kipindi chote hicho, ukibadilishiwa dozi anza upya.

Mwishoni weka kurasa pembeni kwa pembeni, za bila kafeini na zenye kafeini, hesabu siku ambazo moyo ulicheza. Siku 5 kati ya 14 dhidi ya siku 6 kati ya 14, hapo hakuna kitu, usijitese. Siku 2 dhidi ya 9, na mara ya pili imekuja hivyo hivyo, umepata jibu na hauhitaji mtu akuthibitishie, punguza au acha. Katikati ya hapo angalia saa: kama moyo unacheza ndani ya saa moja au mbili baada ya kunywa, mara kwa mara, kafeini ina kesi ya kujibu. Kama unacheza usiku wa manane au baada ya ugomvi, tafuta kwingine.

Mimi kwenye daftari langu kahawa ya asubuhi ilitoka safi. Kilichonifunga kilikuwa ile ya saa 9 mchana, na si kwa sababu moyo ulicheza saa 10, hapana, ulicheza kesho yake, kila mara baada ya usiku ambao nimeamka mara mbili tatu. Kahawa ilikuwa inapitia mlango wa usingizi. Nikaikata hiyo ya mchana peke yake, na kesho mbaya zikapungua. Hizo dakika 36 za CRAVE naziamini kwa mwili wangu. (Na kama unakoroma sana na mwenzako anasema huwa unakata pumzi usingizini, hilo lipeleke hospitali haraka kuliko suala la kahawa, kukata pumzi usiku kunachochea AF sana.)

Pombe nayo iangalie kwa jicho kali. Kuna utafiti ambao watu wenye AF walichagua wenyewe kitu wanachokishuku wakakijaribu kwa zamu kama hivi ninavyokueleza, kilichochaguliwa na wengi kilikuwa kafeini, ila kilichoonekana kweli kuandamana na AF ilikuwa pombe. Na Australia, kwenye kipimo kilichotoka 2020, watu 140 wenye AF waliokuwa wanakunywa pombe, walioambiwa waache ilirudi kwa 53% na walioendelea 73%. Mtu anaacha kahawa kwa uchungu wote ule halafu bia za wikendi ziko pale pale.

Enaji drinki sizipimi wala sikushauri uzipime. Mle mna kafeini na mchanganyiko wa vitu vingine, na watu hawazinywi polepole kama kahawa ya moto, wanazigugumia zikiwa baridi. Kwenye utafiti wa 2019 vijana 34 wenye afya kabisa walipewa kama lita moja, na saa kadhaa baadaye ECG zao zikaonyesha ile QT imerefuka. Wenye afya hao. Kafeini ya unga ndo usiiguse, kijiko kimoja cha chai kinalingana na kama vikombe 28 vya kahawa, na 1,200 mg zikiingia kwa haraka zinatosha kumletea mtu degedege.

Moyo ukicheza na umeshakunywa

Kaa chini. Weka kikombe pembeni, kunywa maji, shika mapigo dakika nzima, andika saa. Kafeini huwezi kuitoa, inabidi uisubiri, na mara nyingi mapigo ya ziada yanapungua yenyewe ukitulia. Kama una SVT na daktari alishakufundisha ile ya kupuliza, fanya alivyokufundisha: unapuliza kwenye bomba la sindano la mililita 10 sekunde 15 kama unataka kusukuma ile pistoni, kisha unalazwa chali miguu inainuliwa sekunde 15 nyingine. Usijifunze peke yako siku ya shida, jifunze siku uko mzima.

Ukizimia au ukikaribia kuzimia, kifua kikibana, pumzi ikikata, mdomo ukipinda au mkono ukilegea au maneno yakikataa kutoka, au moyo ukienda mbio ukiwa umekaa na hautaki kushuka, hiyo si ya daftari tena, nenda hospitali na usiendeshe gari mwenyewe.

Ukifika pale sema mapema kabisa umekunywa nini na saa ngapi. Nesi anaweza asikuulize. SVT mara nyingi inakatwa kwa sindano ya adenosini, ile ile ya kwenye viti, inafanya kazi sekunde chache tu na kuisha, sasa kama kafeini imeshakalia viti kwa sababu ulikunywa ndani ya saa 4 zilizopita, dozi ya kawaida inaweza isifanye kitu na watahitaji kuongeza au kutumia dawa nyingine. Mimi nimeandika kwenye karatasi inayokaa nyuma ya kava la simu: jina la ugonjwa, dawa na dozi, na mstari mmoja wa mwisho wa kujaza kwa kalamu, "kahawa ya mwisho saa…"